Dishi Lililobaki Juu ya Paa

Kwa wiki saba, dishi lisilonasa chochote lilimzuia jirani wa mama yangu kuingia nyumbani kwa mama. Lilikuwa juu ya paa la mabati kule Kiirua, jeupe, limeelekea angani kama zamani, na ndani ya nyumba hapakuwa na king'amuzi cha kupokea mawimbi yake. Aliyekata huduma ni mimi. Aliyeliacha pale juu ni mimi pia, na katika hayo mawili, kosa lilikuwa la pili tu.

Mambo yalianzia mezani kwetu, mjini Meru. Mwanzoni mwa mwaka mimi na mke wangu tuliketi jikoni tukaandika kila kitu tulichokuwa tukilipia ili kutazama, kuongea na kusoma habari. Yeye ni mwalimu na anapenda orodha iliyopigwa mistari. Mimi hukusanya habari za kaunti kwa ajili ya redio, na nimezoea kumuuliza mtu swali moja mara tatu. Safari hii tuliulizana wenyewe. Nani hutazama mechi za kulipia? Mimi, zamani. Nani hutumia intaneti ya waya? Sote, isipokuwa watoto, kwa sababu haifiki chumbani kwao. Basi watoto hutumia nini? Bando. Na bando huwanunulia nani? Hapo tukatazamana.

Tulikuwa tukilipia intaneti mara mbili ndani ya nyumba moja kwa sababu ruta ilikuwa nyuma ya kabati la vyombo, pale waya ulipomwishia fundi wa kwanza. Tuliitoa tukaitundika ukumbini. Hilo lilitaka msumari mmoja.

Kisha tukahama. Kampuni nyingine ilikuwa imepitisha waya wake kwenye nguzo iliyo mbele ya lango letu kwa muda mrefu, kasi ni ileile na bei iko chini. Niliipigia ile ya zamani kuwaaga, nikasikiliza muziki wao mpaka chai yangu ikapoa. Hatimaye dada mmoja mwenye sauti ya upole akauliza sababu yangu, na nilipomweleza, papo hapo akanipa punguzo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka yote niliyolipa bila kuchelewa. Nilimuuliza kama punguzo hilo lilikuwepo mwezi uliopita. Akasema lilikuwepo. Nikamshukuru, nikahama. Tangu hapo huwaambia wenzangu kazini kwamba kampuni hizi humpenda mteja akiwa ameshika kitasa cha mlango. Ukitaka kujua bei yao ya kweli, inuka kwanza.

Simu zilikuwa rahisi zaidi. Mke wangu alikuwa kwenye mtandao mmoja na mimi kwenye mwingine, kama majirani wanaopitia barabara kuu kwenda kusalimiana. Nilihamia kwake, na namba yangu ileile. King'amuzi cha kulipia kikarudi sandukuni. Watoto walinuna siku mbili, ya tatu wakasahau.

Kwa hiyo nilifika Kiirua nikiwa na ujasiri wa mtu aliyeshinda mara tatu mfululizo. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, na runinga yake ya kulipia nilikuwa naigharimia mimi. Sikutaka kumnyima kitu. Nilikaa naye, nikafungua daftari, nikamuuliza anachotazama. Akasema habari za Kimeru, na ibada ya Jumapili magoti yanapomkatalia kwenda kanisani. Nikauliza kingine. Akasema kingine hupita tu. Nikauliza mara ya tatu kwa maneno mengine, jibu likawa lilelile. Habari na ibada, vyote hupatikana bure kwa antena. Nikapiga mstari chini ya ukurasa.

Fundi alikuwa mwanamke kutoka Timau, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya maua mpaka alipogundua kwamba kupanda paa kunalipa zaidi kuliko kuinamia matuta. Alisimamisha mlingoti wa mkaratusi nyuma ya jiko, akafunga antena juu yake, akaizungusha kuelekea milima ya Nyambene huku mimi nikiwa dirishani nikimwambia kulia, kushoto, hapo. Picha ikawa safi. Mama akaona msomaji wa habari anafunga kitabu chake cha maelezo, akasema inatosha. Kabla ya kushuka, fundi aliniuliza kama ateremshe lile dishi. Kuliteremsha kulikuwa na malipo yake. Nilimwambia aliache tu, halimdhuru mtu.

Mama yangu halalamiki. Anapokuwa na shida, hutoa taarifa za nyumba. Baada ya majuma mawili aliniambia kwenye simu kwamba maziwa ya jioni yanabaki. Nikafurahi nikidhani ng'ombe ameongeza. Mara nyingine akasema siku hizi birika dogo linatosha. Nikaitikia. Mara ya tatu akasema viazi vya mbegu amevihifadhi juu ya kiti, ghalani mna unyevu. Nilikuwa nimekata simu na kurudi kwenye kazi yangu nilipojiuliza: kiti gani? Sebuleni kwake mna viti viwili vya kuegemea vinavyotazama runinga. Kimoja ni chake.

Nilikwenda Jumamosi. Gunia la viazi lilikuwa limekaa kwenye kiti cha pili kama mgeni aliyeshiba. Nikamuuliza mama nani alikuwa akikaa pale. Akaniangalia kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza mlango uko wapi. "Si huyu wa hapa," akasema, akionyesha kwa kidevu upande wa ua wa michongoma.

Mwanamke wa upande wa pili wa ua ule ni mjane kama yeye. Utotoni mwangu baba yangu na mume wake waligombania mstari wa futi chache za ardhi pale ua ulipo, wakaenda kwa chifu, kwa wazee, kwa mpimaji, na mwisho wakaacha kusalimiana. Wake zao wakafuata. Nilikua nikijua kwamba mpira ukivuka ua ule haurudi. Wanaume wote wawili sasa wamezikwa, kila mmoja upande wake, na mimi nilidhani kimya kile bado kipo.

Kumbe kilikwisha zamani kidogo, na hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyekisema. Jioni moja jirani huyo alikuja kuomba kiberiti. Kwetu mtu mzima haendi kwa mwingine kukaa tu. Huenda kuomba kiberiti, kurudisha ungo, kuulizia ng'ombe mgonjwa. Alikuta mama anatazama mchezo wa kuigiza, mmoja wa ile mirefu ya chaneli za kulipia, ambamo mkwe na mama mkwe wamenyimana maneno. Alisimama akitazama mpaka ukaisha, akaondoka bila kiberiti. Kesho yake akaja kuuliza kama yule mkwe alisamehewa. Mama akamwambia akae aone. Tangu hapo alikuja kila jioni baada ya kukamua, akanywa chai, akawasema vibaya watu wa kwenye runinga, akaenda zake. Mpaka wa shamba hawakuutaja hata siku moja. Na mchezo wenyewe, mama akaniapia, kwake ulikuwa unapita tu.

Nilipokata huduma, mama alimwambia nje ya kanisa kwamba ile ya mchezo imekatwa. Jirani akasema pole, akaenda nyumbani, akainua macho. Dishi liko pale pale linang'aa. Pembeni yake pamesimama mlingoti mpya wenye antena, mrefu kuliko mti wowote wa boma. Mtu yeyote wa Kiirua akitazama paa lile angesema mwenye nyumba ameongeza. Kwenye kituo cha maziwa, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri mizani, jirani yule akasema, "Mwenye madishi mawili ndiye husema hana hata moja." Neno lile lilimfikia mama kabla hajafunga mkebe wake.

Niliona kosa langu wazi. Nilikuwa nimeuliza runinga inaonyesha nini, mara tatu, na sikuuliza mara moja nani anaitazama. Nikatoa simu nilipie kifurushi cha zamani hapo hapo. Kwa kiasi tulichopunguza mjini, nilikuwa na uwezo.

Mama alinishika mkono. "Ukilipa leo, atajua kweli nilimfungia mlango," akasema. "Atasema nimeogopa maneno ya kule kwenye maziwa, sasa nimefungua."

Sikupata kasoro katika hoja ile. Kurudisha huduma kungethibitisha uongo ambao haukuwepo. Nikauliza tufanye nini. Akasema dishi lishuke, na lishuke saa ambayo watu wanapita.

Kwa hiyo niliazima ngazi, nikapanda wakati watu wanarudi kutoka kupeleka maziwa. Boliti zilikuwa na kutu na zilipiga kelele za kutosha. Watu watatu walisimama barabarani kunishauri. Nililishusha kwa kamba, na mama akaniagiza nililaze langoni uso juu, karibu na njia. Hapo akanishangaza. Aliingia ndani akaburuta lile gunia kutoka kwenye kiti mpaka nje, akakaa juu ya jiwe, akaanza kupanga viazi ndani ya dishi kimoja kimoja, akichagua vyenye macho mazuri.

Jirani alifika na mkebe wake mtupu. Walisema Kimeru, Kiswahili hiki ni changu. Aliangalia paa kwanza, kisha dishi, kisha mimi.

"Kijana yangu, mnahama?"

"Hatuhami, mama," nikajibu.

"Hili lilikufa siku ile niliyokuambia," mama akasema, mikono ikiendelea na viazi.

"Lilikuwa linang'aa sana kwa maiti."

"Hata jino la bandia hung'aa."

Mmoja wa wale washauri wa barabarani alicheka, na jirani akamgeukia akamuuliza kama kwake hakuna kazi. Jamaa akaondoka. Nilitamani kueleza habari za antena na Nyambene, na nilikuwa na maelezo mazuri, lakini mama alikuwa amenitazama kwa namna ninayoijua.

"Na ule mlingoti?" jirani akauliza.

"Huo ni wa habari na kanisa. Mchezo hauna. Yule mkwe sijui kama alisamehewa."

Jirani akaweka mkebe chini. Akasema mbegu ile ya viazi ni nzuri. Mama akasema ni yake, achukue, achukue pamoja na hilo dishi, yeye hana pa kuliweka. Wakalishika kila mmoja upande wake, wanawake wawili wa umri ule, wakakataa nisaidie, wakapita nalo kwa hatua ndogo ndogo kwenye mwanya wa michongoma ambao sikuwahi kumwona mtu wa kwetu akiupita. Mama alirudi peke yake, akijipangusa mikono.

Nilimwambia jambo limekwisha. Akasema halijakwisha, limeanza. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Ukipelekewa kitu ndani ya kikapu, kikapu hurudi na kitu, na anayekirudisha hukaribishwa chai. Mama alikuwa amelifanya dishi kuwa chombo. Nilielewa kwa nini alisisitiza viazi vikae ndani yake badala ya kubaki guniani, na kwa nini kiti kilikuwa sasa wazi.

Mpango wetu wa mjini umesimama. Tunalipia intaneti moja na mtandao mmoja wa simu, na sijarudia runinga ya kulipia wala sitairudia. Wenzangu wawili kazini wamehama kwa kufuata orodha ile ya mke wangu. Nimewaongezea swali moja chini yake, la nani hukaa kwenye kiti cha pili, na nimewaambia wakikata kitu, wakishushe pia.

Hii ni wiki ya nne tangu dishi livuke ua. Viazi vilitolewa ndani yake siku ileile, vikapandwa. Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye mwanya wa michongoma kumsalimu jirani. Dishi lilikuwa katikati ya uwanja wake, limelazwa juu ya mawe matatu, limejaa maharagwe yaliyoanikwa juani. Mama anasema maharagwe hayo ni yetu, na kwamba jirani yule hawezi kumpelekea mtu kitu kibichi. Nilimuuliza jirani mavuno yakoje.

"Bado hayajakauka, kijana yangu," akasema.

Akaingiza mkono, akayageuza ili yapate jua upande wa pili. Yalilia ndani ya bati kama kokoto, makavu tayari.