Mtandao Unaokatika Penye Utamu

Saa nne asubuhi, fundi wa kompyuta ameketi ukingoni mwa kochi la mama mkwe wake, magoti pamoja, kama aliyekuja kuposa upya. Mama mkwe amepakata kompyuta yake na anazungumza kwa video na dada yake.

"Ehe! Halafu mumewe akasemaje?" anauliza mama, akiinamia kioo asipitwe na neno.

Mtandao unakatika.

"Umeona?" anamgeukia mkwewe. "Kila penye utamu! Na wewe unajiita fundi."

Mtaani wanamwita Chomoa, kwa kuwa kila tatizo hulianza kwa ushauri uleule: "Chomoa, subiri, chomeka." Ofisi yake ni meza iliyo barazani mwa duka la viatu. Mvua ikinyesha, hubeba meza na wateja humfuata na nyaya mikononi. Siku nyingi amekikodolea macho chumba cha mbele cha nyumba hii, chenye mlango wa barabarani.

Alipokiomba, mama hakuzunguka mbuyu. "Mtandao wangu utulie kwanza. Ukishindwa na wa nyumbani, wa watu utauweza?"

Chomoa akahangaika. Alizima ruta na kuiwasha, akaitoa nyuma ya kabati, akafuta takataka za kivinjari, akabadili nywila. Akaipeleka kompyuta barazani, ikashinda mtandaoni bila hata kikohozi. Iliporudi nyumbani, ugonjwa ukarudi nayo.

"Nilianza kuamini hainipendi, kama mwenyewe," anasema kwa sauti ya chini.

Leo ameona. Kompyuta hiyo ya zamani ina kitufe kidogo cha waifai ukingoni, upande wa mtumiaji. Mama akinogewa huinama, tumbo linakibonyeza, waifai inazimika. Akiinama tena kuchunguza kulikoni, inawaka.

Lakini mkwe gani atamtamkia mama mkwe neno "tumbo"? Chomoa anamtazama mkewe, aliyesimama mlangoni, amwokoe. Mke anakimbilia jikoni, akachekee huko.

"Mama," anasema, jasho likimtoka, "mashine hii inahitaji hewa. Ikae mezani, isipakatwe."

"Hewa?"

"Hewa, Mama."

Meza inaletwa, dada anapigiwa tena. Katika umbea wao yule mume anafukuzwa, anarudi, anafukuzwa tena, na mtandao umetulia tuli.

Simu inapokwisha, mama anavua miwani. "Mkwe wangu, hewa yenyewe ni hili tumbo langu, sivyo?"

Chomoa anakagua zulia.

"Tangu jana nakisikia kile kitufe kikibonyea tumboni. Nilitaka nione utanivunjia heshima au utanisitiri. Watu wana mambo yao kwenye hizi kompyuta. Chumbani mwangu simtaki fundi mwenye domo." Anamtupia ufunguo.

Mwezi ujao Chomoa anatarajia kupaka rangi, kuweka rafu, na kuwanunulia wateja benchi. Moyo umemjaa, hafichi.

Mama naye ana mpango wake. Ataweka kiti mlangoni. "Kila anayeleta kompyuta inayokata mtandao, apite kwangu kwanza," anasema. "Nimtazame umbo."