Mwanamke wa Gauni la Kijani

Mume wangu ni fundi saa. Akifunga kibanda chake alasiri, hupitiliza moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, kwenye meza ya dirishani, kujenga reli. Hanisalimu hata kwa kikohozi. Reli yenyewe yote inaenea kwenye sinia la chai. Vyuma vyake ni nyaya za shaba, mataruma ya kuvilaza ni njiti za kiberiti zilizopasuliwa mara nne, na behewa zima lina urefu wa ukucha wa kidole gumba. Milango yake inafunguka. Kitasa cha mlango wa jikoni kimekatika mwaka wa tatu sasa, lakini milango ya mabehewa inafunguka!

Wenzangu huonea wivu wanawake. Mimi nilionea wivu treni, na nilishazoea kuchekwa. Dada yangu kila akija huniuliza, “Mke mwenzio hajambo?”

Jumamosi moja bwana alikwenda kunyoa. Nikaingia kufuta vumbi, kazi niliyokatazwa, nikavaa lenzi yake jichoni nione hicho kinachonishinda mimi. Ndipo nikamwona. Stesheni tupu, benchi moja, na mwanamke amesimama peke yake, mdogo kama punje ya mchele. Gauni la kijani, kiuno chembamba, mkono ameuinua kumpungia mtu.

Damu ilinichemka. Mimi ni fundi cherehani; kila gauni nililovaa tangu usichana nalikumbuka, na la kijani sijawahi kuwa nalo. Ni nani huyu? Yule mjane wa duka la miwani, anayeleta saa kila wiki na saa yenyewe haina ugonjwa? Miaka thelathini na moja namfulia, namshonea, halafu anakaa kumchongea mwingine vidole! Nikachukua kibano, nikamng'oa pale alipogandishwa. Kisha, Mungu anisamehe, nikamtia mdomoni nikamtafuna. Alikuwa na ladha ya rangi.

Bwana akarudi na kichwa kinang'aa. Akavaa lenzi, akainama juu ya sinia. Mara nikamwona amepiga magoti, anapapasa sakafu.

“Mama, hujaona mtu hapa?”

“Mtu gani?”

“Alikuwa stesheni.”

“Ahaa, kumbe una mtu! Niambie basi, ni nani yule?”

“Si wewe,” akasema, bado anapapasa.

“Najua si mimi! Ndiyo maana nakuuliza ni nani!”

Akainua uso, ameduwaa. “Nasema si wewe huyo! Wewe mwenyewe. Siku ile nilipotoka kwenye usaili wa reli, ukaja kunipokea stesheni na lile gauni lako jekundu.”

“Jekundu?”

Akainuka taratibu, akachukua vichupa viwili vya rangi ambavyo karatasi zake za majina zilikuwa zimebanduka, akaniwekea kiganjani. “Kipi chekundu?” akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikakaa kwenye kiti. Siku ile alituambia kwamba nafasi za udereva wa treni zilikuwa zimejaa. Kumbe walimkataa kwenye kipimo cha macho, kwa sababu taa nyekundu na ya kijani kwake ni moja. Miaka yote hiyo amekuwa akinituma mimi nikachague nyanya, nami nikimwita mvivu.

Na gauni? Marinda sita, kola ya mviringo, mkanda umefungwa nyuma. Mshono wangu mwenyewe! Fundi mzima nilitazama rangi nikasahau mshono.

“Nimekutafuna,” nikamwambia. Nilikuwa nimechanganyikiwa. “Yaani, nimejitafuna.”

Alicheka mpaka akatoa lenzi afute machozi. Kisha akachukua kijiti kipya na wembe. “Simama pale mlangoni. Inua mkono kama siku ile, nikuone.”

Nikasimama, mkono juu, kichupa chekundu mkononi. Alinitazama, akainama, akachonga, akanitazama tena. Muda mrefu hakuwa amenitazama hivyo. Ningepaswa kufurahi, lakini wivu ulinipanda upya. Alikuwa ananitazama mimi ili amwone yule msichana wa miaka ishirini na miwili, na kiuno alichokuwa anakichonga kilikuwa cha msichana huyo, si changu.

“Mnenepeshe kidogo,” nikamwambia.