Zamu za Jiko la Bati, Kambi ya Mtinko

Wiki yangu ya kwanza kazini swali moja lilininyima usingizi: mtu aliye katika majaribio ya kazi akifanya kazi ya zamu ya mwenzake, ataonekana ana bidii au ana kiburi? Nilikuwa na shahada, pembe nilijua kuzikokotoa, lakini swali hilo lilinishinda. Na lilihusu jiko.

Nyinyi vijana mnaopima ardhi siku hizi jioni mnarudi kulala mjini. Sisi tulipopima vijiji vya ujamaa upande wa Mtinko tulilala kwenye mahema, na upepo wa Singida wakati wa kipupwe hauna adabu. Hema letu lilikuwa na jiko la bati la kusafirishwa: sanduku lenye miguu ya kukunja, kilango cha kuni, na bomba la vipande vinavyochomekana, likipita kwenye tundu la paa lililozungushiwa bamba ili turubai lisiungue. Juu kabisa palikuwa na wavu wa kuzuia cheche. Huo ndio unaoziba kwanza. Kuni mbichi zina utomvu. Moshi wake ukipoa ndani ya bomba unaganda kuwa masizi mazito kama lami, na moshi unaofuata, ukikosa njia, unarudi kwenu.

Kulisafisha hakuhitaji chuo. Unaliacha lipoe, unachomoa bomba kipande kwa kipande, unagonga, unasugua ndani kwa matambara yaliyofungwa kwenye fimbo, wavu unaupiga brashi. Majivu unabakiza kidogo yakinge bati la chini lisiungue. Basi.

Lakini Bwana Mpimaji, mkuu wetu wa kambi, alikuwa ametoka semina ya siasa. Akaamua jiko ni mali ya wote, kwa hiyo kila ndugu awe na zamu. Kila ndugu, siku yake, alichota majivu yote, akapangusa sanduku kwa nje hadi ling'ae, bomba akamwachia ndugu wa kesho.

"Bwana Mpimaji, bomba limeziba," nilimwambia.

"Zamu ya nani?"

"Ya ndugu dereva."

"Mwache ajifunze kujitegemea. Ukimfanyia, unamnyonya."

"Namnyonyaje, na kazi naifanya mimi?"

"Unamnyonya fursa, ndugu msomi. Chuoni hawakuwafundisha?"

Aliyeumia ni Mzee Ntandu, mshika mnyororo wa kupimia, mrina asali wa zamani kutoka Rungwa. Kwa sababu ya baridi, kitanda chake kilikuwa karibu kabisa na jiko. Kifua kilimbana.

"Shikamoo mzee. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka kama nyuki waliofukizwa."

Tulicheka. Siku chache baadaye hakucheka tena; alijaribu kusimama, akakohoa mpaka akaketi chini. Nikakimbia kwa Bwana Mpimaji. Akasema suala la moshi litajadiliwa kwenye kikao cha Jumamosi.

Tangu hapo nimetumikia wakuu wengi, Manyoni, Iramba na kwingineko, na sasa ni mstaafu. Bado sijaelewa kwa nini kitu cha wote lazima kwanza kimkoseshe mtu pumzi ndipo kiitiwe kikao. Asubuhi ile nilisimama mlangoni mwa hema nikipima yote: taarifa ya majaribio yangu angeiandika Bwana Mpimaji, nikifukuzwa, nyumbani nitasema nini, wenzangu wataniita mbinafsi. Ndani, mzee alikohoa tena.

Nikaingia, nikazitoa kuni zilizokuwa zikiwaka, nikamsogeza mzee kwenye hewa. Jiko lilipopoa nikachomoa bomba na kulibeba nje.

"Ndugu msomi! Leo zamu ya nani?"

"Ya mpishi."

"Rudisha bomba, au taarifa yako naiandika sasa hivi!"

"Iandike, Bwana Mpimaji," nikasema, "ila sogea kidogo, usichafuke."

Nikaligonga bomba kwenye jiwe.