Suruali Tatu Ambazo Hazikugawiwa

Ujumbe uliingia kwenye kundi la ukoo, kwenye simu, Jumanne asubuhi nikiwa jikoni nachambua maharage. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa ameandika kwamba nguo za marehemu zisiguswe na mtu yeyote, na kwamba wao wangekuja kwangu Kashai Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuzichukua pamoja na kabati lake. Chini yake watu wakaanza kuweka dole gumba. Wifi yangu aliweka matatu.

Nilijifuta mikono, nikaandika neno moja: Nimeona. Halafu nikaacha maharage kwenye ungo, nikaenda chumbani na kufungua kabati milango yote.

Lilikuwa ni kabati la mninga lenye milango mitatu, alilotengenezewa mume wangu na fundi wa kwao Nshamba tulipooana. Milango miwili ilikuwa yake. Wa tatu tulihifadhia mashuka, mablanketi na nguo zangu chache za kanisani. Zangu nyingine zilikaa kwenye masanduku chini ya kitanda kwa miaka ishirini na sita, na nikitaka gauni nilipiga magoti. Sikuona kama ni uonevu. Yeye alikuwa bwana shamba, mtu wa kusimama mbele ya wakulima wa kahawa leo Kanazi, kesho Kishanda, na alipenda kusimama akiwa amenyooka. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Watoto wa darasa la pili hawaangalii mikunjo.

Tulikuwa tumemzika wiki sita kabla ya ujumbe ule. Tangu mazishi sikuwa nimeligusa kabati. Hata suti aliyozikwa nayo aliichagua wifi, akapita mbele yangu bila kuniuliza, akachukua ile ya bluu wakati mume wangu aliipenda ya kijivu. Siku ile sikuwa na nguvu ya kusema. Jumanne hii nilikuwa nayo.

Nilitandika shuka la zamani kitandani nikaanza kutoa. Mashati yalikuwa thelathini na moja. Kaunda suti mbili, kanzu tatu za harusini, makoti, masweta ya asubuhi za baridi, tai ambazo hakuzifunga tangu binti yetu apate kipaimara. Chini kabisa kulikuwa na soksi zisizo na wenzake, mfuko mzima, na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ambavyo yeye mwenyewe aliviweka kila mwaka. Harufu yake ilinijaa puani hadi machozi yakatoka, nikayaacha yatoke huku nakunja.

Nilikuwa najisemea kwa sauti, kama vile shemeji yuko mlangoni. Nilimwambia kwamba nguo hizi nimezifua mimi, nimezianika mimi, nimezipiga pasi umeme ukiwepo, na usipokuwepo kwa pasi ya mkaa. Vifungo vyake vyote nilivishona mimi. Kama kuna mkono unaotakiwa kuzigusa kwanza, ni huu.

Nilifanya mafungu. La kwanza lilikuwa la vilivyochoka kabisa, vya kukatia matambara. La pili, nguo nzuri za kugawa. La tatu sikulipanga, lilijitokeza lenyewe nilipofika kwenye suruali.

Zilikuwa zimetundikwa mwisho kabisa, nyuma ya makoti: suruali tatu za kazi, ya kaki, ya kahawia na nyeusi. Niliposhika ya kaki ili niikunje, vidole vyangu vilikutana na kitu kigumu kiunoni, upande wa nyuma. Nikaigeuza. Kiuno kilikuwa kimepunguzwa kwa mkono. Pembeni ya mshono huo kulikuwa na mwingine, na pembeni ya huo mwingine tena, kila mmoja kwa uzi wa rangi tofauti. Nikageuza ya kahawia. Vilevile. Nyeusi ilikuwa imepunguzwa mara nne.

Nilikaa chini. Sikuwa nimemshonea mimi, na huo haukuwa mshono wa fundi.

Nikazibeba hadi nyumba ya jirani. Jirani yangu ni fundi cherehani, mama wa Kiislamu ambaye babu yake alihamia Bukoba kutoka pwani, na kwa miaka yote hiyo tumepeana sahani za Krismasi na za Idi juu ya ukuta. Alikuwa na gauni la bibi harusi mezani. Nilipoweka suruali juu ya cherehani hakuziangalia sana. Aliniangalia mimi.

Aliniambia taratibu. Mume wangu alikuwa amekuja kwake mwaka uliopita, kabla hatujajua chochote, akaomba sindano na uzi. Yeye akamwambia alete tu suruali ampunguzie kwa mashine, akakataa. Akaja tena baada ya miezi miwili, na tena. Kila alipokuja alimwomba asiniambie.

"Alisema ukijua unakula wasiwasi badala ya chakula," alisema jirani. "Nilimwahidi, mwalimu. Nisamehe."

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia kwamba tungeenda hospitali mapema, kwamba miezi ile ilikuwa miezi ya kutibiwa. Aliacha nimalize. Kwa kweli nilikuwa namsema mtu mwingine. Mume wangu aliniambia kwamba anakonda kwa sababu ya kupanda vilima vya Muleba, nami nikaamini, kwa kuwa kila nilipomwangalia suruali ilimkaa vizuri. Tulipofika hospitali ya rufaa daktari alituambia saratani ya tumbo ilikuwa imeshasambaa. Kumbe usiku nilipolala au mchana nikiwa shuleni, yeye alikuwa amekaa mahali fulani ndani ya nyumba yangu, miwani puani, akishona ugonjwa wake ndani ya kiuno ili nisiuone.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo juu yake akiwa hai. Nilivuta masanduku yangu kutoka chini ya kitanda nikatundika kila kitu changu kwenye kabati lake, vitenge, magauni, vazi la mshanana nililovaa harusi ya mdogo wangu, hadi henga zikaisha. Nilifanya hivyo kwa vishindo. Nilipomaliza milango mitatu ilikuwa yangu, na zile suruali nilizikunja nikaziweka rafu ya juu, peke yake.

Sasa, ukoo ulisema utakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mimi nilikwenda Jumamosi iliyotangulia. Nilimwomba mwalimu mwenzangu mwenye pikapu anipeleke, tukapakia mabunda manne ya nguo nzuri, na zile suruali nikaziweka kwenye mkoba wangu, kwani sikuwa tayari kuziacha nyumbani peke yake. Nilituma ujumbe kwenye kundi tukiwa tumeshaingia barabara ya Muleba: Nakuja na nguo leo. Mtakaopenda mje kwa mama.

Walipenda wote. Tulipofika Nshamba shemeji alikuwa ameshasimama uani kwa mama mkwe, mbele ya migomba, na wifi kando yake na daftari. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani. Macho yake siku hizi hayaoni mbali. Nilimpigia magoti nikamsalimia, akanishika uso.

Shemeji hakungoja nikae. Alisema nguo za marehemu zinagawiwa na ukoo, si na mjane, na kwamba mjane ambaye hajamaliza hata miezi miwili hapaswi hata kuzihesabu. Alisema kwa upole, kama mtu anayenifundisha. Nilimjibu kwamba nimeshazihesabu, nimeshazikunja, na sasa nazigawa.

Nikafungua bunda la kwanza mbele yao wote. Koti zito nilimpa mzee jirani wa mama mkwe, aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda cha mume wangu wiki nzima ya mwisho, wakati ndugu walikuwa wanapiga simu tu. Kanzu niliwapa wapwa watatu wa mume wangu walio karibu kuoa. Shemeji nilimpa kaunda suti zote mbili, kwa kuwa zilimfaa mwili, na kwa kuwa sikwenda pale kumnyima. Alizipokea. Wifi nilimpa masweta. Naye alipokea, ila aliandika kwanza.

Kisha akalisoma daftari lake. Alisema marehemu alikuwa na suruali za kazi, anazikumbuka, ya kaki na nyingine, na hazionekani. Akauliza ziko wapi.

"Ninazo," nilisema. "Hazigawiwi."

Shemeji akauliza kwa nini. Nikamwambia hiyo ni juu yangu. Akasema hakuna kitu cha marehemu kilicho juu ya mtu mmoja, na kwamba na kabati nalo lazima lirudi pale, maana ni mbao za baba yao. Watu uani wakaanza kuangalia miguu yao. Sauti yangu ilitoka nzima, ile ninayotumia darasani.

"Shemeji, kabati limejaa nguo zangu na halitoki Kashai. Na hizi suruali, hata ukiita mchungaji na wazee wote wa Nshamba, hazivaliwi na mtu mwingine."

Ni mama mkwe aliyenyoosha mkono kutoka kwenye mkeka na kuniomba kwa Kihaya nimpe azishike. Nilisita. Sikuwa nimepanga kumwonyesha mtu yeyote, yeye hasa, mama wa mtu. Lakini mkono ulibaki umenyooshwa, nikaufungua mkoba.

Alizipokea mapajani. Hakujaribu kuziangalia. Alipitisha vidole kiunoni kama alivyozoea kupitisha kwenye ukindu wa mkeka anaosuka, mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi mwanzo. Midomo yake ilitembea kama ya mtu anayehesabu, kisha akaelewa, nikaona jinsi alivyoelewa.

"Huu ni mshono wangu," alisema. "Unakwenda hatua mbili unarudi moja. Nilimfundisha alipokuwa anakwenda bweni, kaptula zake zilikuwa zinapasuka kila wiki."

Kisha aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya shemeji. "Wewe ulikataa kujifunza. Ulisema ni kazi ya wanawake."

Mimi sikujua nifanye nini na uso wangu. Miaka ishirini na sita nilimshonea vifungo mtu ambaye alijua kushona kuliko mimi. Nilicheka, kicheko kikageuka, nikakaa kwenye mkeka karibu na mama mkwe tukalia pamoja, sisi wawili, mbele ya daftari la wifi.

Hakunitetea, nisije nikasema uongo. Hakumwambia mwanawe aache kunisumbua, wala hakutamka lolote kuhusu kabati. Alichofanya ni kuchukua ile suruali nyeusi, yenye mishono minne, akaikunja na kuiweka chini ya goti lake.

"Hii yangu," alisema. "Hizo mbili zako. Nendeni mkale."

Tulikula ndizi na maharage uani, na shemeji alikaa upande mwingine akiwa na kaunda suti zake kwenye mfuko. Kabla sijaondoka alinifuata kwenye pikapu akaniambia kwamba suala la kabati litazungumzwa kwenye kikao. Nikamwambia waje wazungumze, nitawapikia, na kabati litakuwepo.

Kikao hakijaitishwa mpaka sasa, na ni karibu mwaka. Kwenye simu shemeji ananisalimia kwa kifupi. Wifi alikuja Kashai mwezi wa saba kwa matibabu ya meno, akalala kwangu siku mbili, na siku ya pili nilimkuta amesimama mbele ya kabati lililo wazi anaangalia vitenge vyangu. Nilidhani anahesabu. Akaniuliza kama naweza kumwazima kimoja cha kwenda nacho kwa daktari. Nilimwambia achague mwenyewe. Alichagua cha njano, kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, na hakukirudisha. Nimeshamwambia mara mbili, na Krismasi nikienda Nshamba nitakidai.