Pua ya Kerubo

Mpaka leo nikipita mahali panapokaangwa kahawa, jambo la kwanza kunijia si kahawa. Nakumbuka moshi mzito wa sigara ya Nikaragua ukitanda uani kwa Babu, huko Gesima, alasiri za Jumapili, michai ikiwa bado imeloa mvua ya Desemba. Namkumbuka pia binamu yangu Kerubo ameketi kwenye kigoda kando ya Babu, mahali ambapo mimi niliamini ni pangu.

Babu alilima tumbaku nyuma ya nyumba tangu kabla chai haijameza kila kipande cha shamba. Wazee walikuja kutoka hata Nyaramba kumletea majani yao ayanuse, na akishasema haya yamekaushwa vibaya, ubishi uliishia hapo. Lakini mwaka ule, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, aliugua homa ndefu, na alipopona hakuweza kunusa tena. Ulimi wake ulibaki. Alitambua kikali, kichungu na kitamu, lakini harufu zote zilikwenda. Bibi, ambaye ni Msabato na hakuipenda tumbaku hata siku moja, alisema Mungu amemfungia duka. Babu alikuwa Mkatoliki mpenda mizaha, lakini siku hiyo hakucheka.

Basi ndipo baba mdogo, Ombati, aliyekuwa mhudumu katika meli za watalii, akaja likizo na kasha dogo la mbao lenye sigara tano. Zilikuwa nene kama kidole gumba, zimesokotwa kwa majani matupu bila karatasi. Alitueleza kwamba zinatoka Nikaragua, nchi ya milima ya moto, na kwamba ni za aina nzito; mtu akizivuta kwa pupa, kichwa humzunguka. Babu aliigeuzageuza moja mkononi, akaibonyeza taratibu toka mwanzo hadi mwisho kutafuta mahali palipo laini, akapitisha kucha kwenye mishipa ya jani. Akasema aliyeisokota anajua kazi yake. Kisha akaipeleka puani, akakaa hivyo kwa muda, akaishusha.

Alituita mimi na Kerubo, aliyekuwa ametoka kwao Itumbe kuja kumaliza likizo kwetu, akatuuliza inanuka nini. Mimi ndiye niliyeishi naye, niliyemchotea maji ya kuoga na kumsomea gazeti, kwa hiyo nilijibu kwanza. Nilisema inanuka tumbaku. Babu akatikisa kichwa kwa upole. Kerubo aliishika, akafumba macho, akasema pilipili, halafu kahawa ikiwa kwenye kikaango, halafu shamba likishanyeshewa. Uso wa Babu ulifunguka. Akaiwasha, na kila mara alipopuliza moshi alimwuliza Kerubo umekuwaje sasa. Kerubo akasema pilipili imepungua, inakuja sukari nguru. Babu akaonja, akaafiki kwamba kweli utamu umefika pembeni mwa ulimi. Jivu lilirefuka bila kuanguka, naye akalisifu. Ilipobaki fupi akasema uchungu umeanza, akaiacha izimike yenyewe. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyeniuliza lolote.

Jumapili ya pili ilikuwa vilevile, ila safari hii Babu alimwita “pua yangu” mbele ya wageni. Nilijaribu kujifunza. Nilinusa chumvi, majivu, magome ya mparachichi, hata viatu vya Ombati, na kila kitu kilinuka jina lake tu. Wiki hiyo nikachukua sabuni yangu ya manukato, niliyonunuliwa kwa ajili ya shule ya bweni, nikakata kipande na kukificha chini ya sigara zilizobaki. Nilitaka Kerubo akosee. Nilitaka aseme waridi, na Babu amwone mtoto wa kubahatisha.

Jumapili ya tatu Kerubo alipewa sigara. Aliinusa, akanitazama. Kisha akamgeukia Babu, akasema, “Ni ileile, Babu. Kahawa na udongo wenye mvua.” Babu akawasha. Baada ya muda alikunja uso, akasema hii ina uchungu usioeleweka, lakini Kerubo aliendelea kumsimulia harufu ambazo hazikuwepo, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule, mpaka Babu akatulia na kuivuta akitabasamu.

Jioni tulipokuwa tukimenya ndizi, Kerubo alisema bila kuinua kichwa, “Toa sabuni yako, Moraa. Zimebaki mbili.”

Hakunisemea kwa Babu. Niliitoa. Ningependa kusema wivu uliisha siku ile, lakini ulikua. Awali alinishinda kwa pua tu. Sasa alikuwa amenishinda pia kwa moyo, na jambo hilo halikuwa la kujifunza kwa mazoezi.

Babu alifariki miaka mingi baadaye, na mahali pa tumbaku pana chai. Kerubo ni mwonjaji wa chai Mombasa. Hulipwa kwa kile alichokifanya bure uani kwetu. Mimi ni mwalimu hapa Gesima, na watu huniheshimu. Desemba iliyopita alikuja nyumbani, akapanga vikombe sita mezani, akamfundisha binti yangu kuvuta chai kwa mluzi na kuitema. Mtoto alisema kimoja kinanuka majani mabichi. Kerubo akamwambia, “Hapo umepatia.” Nikasikia sauti yangu ikimwita binti aje kuosha vyombo mara moja.

Alikuja, mikono ikining’inia, macho yakiwa bado mezani. Nilimtazama kidogo. Nikamwambia arudi akaketi, nikakunja mikono ya blauzi na kuviosha mwenyewe, huku nikisikiliza wanavyocheka.