Kabureta ya Marehemu Rajabu

Gari jeupe linalozimika lenyewe mbele ya lango la marehemu Rajabu, kule mtaa wa Kataki, ni langu. Ukifika Kalemie uliza, utaonyeshwa, na watoto watakuigizia namna linavyokohoa kabla ya kunyamaza. Basi usiniambie nimeota. Tena haikuwa usiku. Watu wakisikia nina kisa cha mtu aliyekufa huwa wanangoja giza na bundi. Mimi nilikutana naye saa sita mchana, jua la utosini, mikono yangu miwili imejaa mafuta, na sikuwa nimekunywa kitu, hata chai.

Kwanza unijue mimi ni mtu gani. Ni karani, nakaa biro, ofisini, siku nzima, na labda ndiyo sababu mikono yangu haitulii. Kitu kikiharibika nakifungua mwenyewe: redio, pasi, hata baiskeli ya jirani ambaye hakuniomba. Mke wangu husema vitu vinavyopita mikononi mwangu hupona, kisha hupata ugonjwa mwingine.

Papa Rajabu alikuwa fundi wa magari na jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Gari lake na langu ni mapacha, tofauti ni rangi tu. Langu likisumbua tulilifungua pamoja, mimi upande huu, yeye upande ule, boneti juu yetu. Ndiyo maana mikono yake niliijua kuliko uso wake. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa nusu, feni ya injini ilikikata zamani. Na kabla ya kukaza skrubu yoyote aliigonga mara mbili kwa bisibisi, sijui kwa nini, sikuwahi kumuuliza.

Alifariki ghafla. Tulimzika, tukakaa matanga. Siku ya pili ya matanga nikapigiwa simu kutoka Nyunzu. Dada yangu Feza, mjamzito wa miezi minane, amevimba miguu, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Daktari wa kule amesema aletwe Kalemie upesi, yeye hana la kufanya zaidi. Feza alikwisha kupoteza mimba mbili. Unanielewa? Treni hakuna aliyejua itakuja lini, magari ya mizigo yalikuwa yamekwama kwa matope, na gari langu lilikuwa limelala wiki nzima, kabureta imepasuka, nangoja nyingine ije na boti kutoka Kigoma.

Na pale uani kwa marehemu, hatua kumi kutoka kwenye mkeka niliokalia, pacha wa gari langu alikuwa amesimama juu ya mawe.

Desturi naijua vizuri. Nyumba yenye matanga, kitu cha marehemu hakitoki mpaka matanga yaondolewe, hata kijiko. Ukiwa na shida kubwa unamwambia mkubwa wa nyumba, anakwenda kwa mjane, wanasema maneno mawili matatu, unapewa. Ni jambo la nusu saa. Lakini mimi nusu saa sikuwa nayo, au nilijiambia hivyo. Wanaume walipokwenda kuswali alasiri nilichukua spana za marehemu mwenyewe, nikafungua kabureta yake, nikaifunga ndani ya koti. Nikasema moyoni, nitawaeleza nikirudi. Naona haya kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni niliifunga kwenye gari langu. Injini iliwaka mara moja, nikafurahi kama mtoto. Furaha haikumaliza dakika. Ikaanza kupanda yenyewe na kushuka yenyewe, inanguruma, inazama, inanguruma tena, na mimi sijagusa kitu. Nikafungua. Nikakata gaskiti mpya kwa karatasi ya katoni, nikakaza. Vilevile. Nikasafisha vitundu vyote, nikapuliza kwa mdomo mpaka midomo ikawasha. Vilevile. Mahali fulani hewa ilikuwa inaingia, niliisikia, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, lakini kila nilipopeleka sikio sauti ilihamia upande mwingine. Usiku ule sikulala.

Alfajiri niliondoka hivyo hivyo. Gari likazimika mbele ya lango la Rajabu. Nikaliwasha, nikaenda, nisitazame pembeni.

Sitakusumbua na habari za kwenda. Lilizimika mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na Nyunzu nilifika jua limezama. Asubuhi yake nikamlaza Feza kiti cha nyuma, tukaanza kurudi. Tulipoiacha Niemba nyuma, njia ikiwa tupu, majani marefu huku na huku, injini ilinguruma mara moja ya mwisho ikafa. Feza akashika mgongo wa kiti changu. Akasema maumivu yameanza.

Mungu anajua nilivyoogopa. Niliinua boneti, nikaingiza kichwa, nikaanza kufungua nilichokwisha kufungua mara tano. Spana ikaniponyoka, ikaanguka ndani kabisa, nikashindwa kuifikia. Nikainamisha paji la uso juu ya chuma cha moto, nikalia. Ndiyo, nililia, mwanaume mzima.

Ndipo mkono ukaja kutoka upande wa pili, ukaiokota spana, ukanipa.

Kidole cha shahada kilikuwa nusu.

Sikuinua kichwa. Wewe ungeinua? Boneti ilinizuia nisione zaidi ya viwiko, na nilishukuru. Harufu ya petroli na sabuni yake niliisikia kabisa.

"Jirani," akasema, sauti ya chini, haina hasira. "Ulibeba bila kusema."

Nikamwambia Papa Rajabu unisamehe, ni Feza, nilikuwa na haraka, ningewaambia.

"Mambo ya Feza ningekupa na mikono mbili. Hii kabureta si njo kitu inaniuma." Ule mkono ukapangusa vumbi juu ya kabureta. "Jana magaribi wamemufukuza Saleh. Wanasema njo yeye aliiuza. Mudogo wangu, matanga yangu haijaisha, atalala wapi leo?"

Saleh ni mdogo wake wa mwisho, kijana wa kunywa pombe kidogo na kukopa kila mahali, yule ambaye kitu kikipotea watu humtazama kwanza. Nilikuwa nimeondoka Kalemie kabla yeyote hajagundua lile pengo ndani ya gari. Nisingeweza kujua. Sikiliza hapo vizuri, kwa maana hapo ndipo wanaosema nilichanganyikiwa na jua hukosa la kusema.

Ule mkono ukapita chini ya kabureta, nyuma, mahali ambapo macho hayafiki, ukaweka kitu kidogo cha buluu. Akasema kuna tundu pale, alikuwa ameliziba kwa kipande cha kandambili, kikaanguka uani wakati mimi nafungua kwa pupa. Kisha bisibisi ikagonga skrubu mara mbili, tiki tiki, ikazunguka nusu.

"Uende useme na kinywa chako," akasema. "Washa."

Nilipofunga boneti mbele yangu palikuwa na njia na majani, basi. Injini iliwaka ikatulia, sijawahi kuisikia imetulia vile. Tulipofika mbali kidogo Feza akaniuliza kwa sauti ya uchovu, "Yaya, kaka yangu, ule fundi mulikuwa munaongea naye, tunamuacha kwa njia hata maji hatumupe?"

Niliendesha.

Feza alijifungua usiku ule ule hospitalini, mtoto wa kike, mdogo sana lakini analia kwa nguvu. Asubuhi, kabla ya kulala, nilikwenda kwa mjane, Mama Mwajuma. Alikuwa ndani kwa ajili ya eda, akanisikiliza nyuma ya pazia la mlango, na ndugu wa marehemu wameketi wananitazama. Nilisema yote. Nilitegemea watanipiga. Hawakunipiga, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mama Mwajuma akasema kwamba siku walipogundua wizi aliokota kipande cha mpira wa buluu chini ya gari, akakifunga kwenye pindo la kikwembe alichojifunga ili amwonyeshe Saleh akirudi na akili. Mkono wake ukatoka nje ya pazia na pindo lenye fundo. Akalifungua mbele yetu sote. Halikuwa na kitu. Nikawapeleka kwenye gari, nikainua boneti, nikashika mkono wa kaka mkubwa wa marehemu nikaupitisha chini ya kabureta. Alipokigusa kile kipande aliondoa mkono kama ameungua.

Walikataa kuichukua kabureta. Mjane alisema ibaki kwangu. Saleh alikuwa ameshapanda boti ya kwenda Moba. Nilimfuata mpaka Kirungu, mlimani juu ya Moba, nikamkuta analima shamba la watu kwenye baridi ile, nikamwomba msamaha mbele yao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama matanga yaliondolewa, nikasema ndiyo. Akasema basi, hana cha kumrudisha nyumbani, akaendelea kulima. Ningejua namna ya kutengeneza hilo ningelitengeneza, na wewe unajua sasa mikono yangu haikatai kazi.

Kwa hiyo, wewe unayenisikia, nyumba yenye msiba ukiwa na shida sema, hata kama unakimbia. Na kama ulishachukua, rudi useme leo, kwa sababu saa hii hii kuna mtu anatazamwa kwa ajili yako.

Mafundi watatu wamelipima gari langu, wanasema halina ugonjwa. Lakini kila nikitoka kazini linazimika pale langoni. Nashuka, napiga hodi. Mama Mwajuma ananiuliza nyuma ya pazia, "Saleh?"

Namjibu, "Bado, Mama."

Kisha narudi kwenye gari, na linawaka.