Mfuko wa Maji Mbele ya Karai

Ilikuwa saa kumi na robo alasiri, pale Mwabungo, dereva wa lori aliyetoka Lunga Lunga alipomwambia jirani yetu kwamba huko mpakani wakaanga samaki hutundika mfuko mwangavu wa nailoni wenye maji, ndani yake sarafu ya shilingi moja, na nzi hukimbia. Jirani alikwisha kuutundika wake kabla dereva hajamaliza kula.

Mke wangu naye alikaanga samaki, ng'ambo ya njia. Niliketi nyuma ya karai lake nikawachunguza nzi wa jirani. Hawakupungua. Waliposhiba samaki walitua juu ya mfuko kupumzika. Nilimpa mke wangu matokeo hayo, akaniuliza kama wateja nao nimewachunguza. Wote walikuwa kwa jirani. Walipouona mfuko, waliona usafi.

Haikupita wiki, mifuko ikaning'inia hadi kwa kinyozi, ambaye hakuuza chochote cha kuliwa. Na kila ulipohamia, mfuko ulidai zaidi: huyu alitia shilingi tano, yule kumi, kwa hoja kwamba sarafu kubwa hufukuzia mbali. Nilifikia uamuzi kwamba nzi hawajapoteza kitu, nasi hatujapata kitu. Kilichonenepa ni huo mtindo wenyewe, uliotupata sisi wa kuuchotea maji.

Nilimweleza mke wangu hivyo jioni aliyokuwa akikaanga mara ya pili samaki wa jana. Fedha za kununulia wa kesho hazikuwapo.

"Baba watoto," akasema, "nzi hawanunui samaki. Tundika."

Nilitundika. Kwa kuwa sikutaka kushindwa na kinyozi, nilitia sarafu mpya ya shilingi ishirini.

Wateja wakarudi. Mfanyakazi mmoja wa hoteli alisifu, "Shangazi, kwako hakuna nzi," huku akimfukuza mmoja sikioni. Kabla ya magharibi karai lilikuwa tupu, na kesho yake vivyo hivyo.

Siku ya tatu nilianza kujigamba kwamba ni ukubwa wa sarafu yangu uliovuta watu. Mke wangu akaendelea kugeuza samaki.

"Ile nilinunulia ndimu siku ile ile," akasema. "Humo mna kizibo cha soda."

Niliusogelea mfuko nikatazama, kwa mara ya kwanza tangu niutundike. Nzi wawili walikuwa juu yake.

Tulichookoa: shilingi ishirini.